Paterni za kununua na mkono usiokubali kukaa

Wateja wa hapa Moshi wamezoea kumletea fundi picha kwenye simu, lakini siku hizi wapo wanaokuja na paterni kamili, yaani michoro ya vipande vya nguo ya kukatia, waliyoinunua kwenye intaneti, wakitaka niifuate kama ilivyo. Naipenda kazi hiyo, kwa sababu paterni iliyochorwa vizuri hufundisha ukataji ambao mtu hawezi kuujua kwa kuitazama tu nguo iliyokwisha kushonwa. Kinachoniudhi ni kwamba nyingi zinauzwa kwa bei kubwa huku zikiwa zimeandikwa kana kwamba mshonaji ana kitambaa kile kile na mteja wa umbo lile lile aliyekuwa akilini mwa mchoraji.

Ebenezer Butterick alianza kuuza paterni za karatasi zenye saizi mbalimbali huko Marekani mwaka 1863, na hadi leo biashara hii inategemea jedwali la vipimo. Katika paterni nyingi za Kimarekani, saizi 14 ya mwanamke ni kifua cha inchi 36, kiuno cha 28 na hipsi za 38. Mteja wangu mwenye kifua hicho hicho anaweza kuwa na hipsi za inchi 43, na hapo inabidi mstari wa pembeni uchorwe upya kuanzia kiunoni, kazi ambayo kijitabu cha maelezo hakiigusi kabisa. Isitoshe, saizi hiyo ni ndogo kuliko saizi 14 ya nguo za dukani, kwa hiyo aliyechagua kwa kusoma lebo ya gauni lake la mtumba huwa amekwisha kununua isiyomtosha.

Kuhusu kuchapa nitasema moja tu: pima kwa rula ule mraba wa majaribio uliochorwa kwenye paterni ili kuhakiki vipimo kabla ya kukata chochote, maana mashine ya steshenari ikiachiwa ipunguze ukurasa ili uenee kwenye A4, gauni zima hupungua nao.

Mateso yenyewe yako kwenye mkono wa nguo. Mkono unaokatwa peke yake kisha ukashonewa begani, hasa wa blauzi na gauni rasmi, huchorwa tao lake la juu likiwa refu kuliko tundu la nguo linaloupokea, pengine kwa inchi moja na nusu, ili bega lipate uvimbe mzuri. Maelezo husema ushone mistari miwili ya mishono mirefu, uvute nyuzi taratibu, kisha usambaze ziada hiyo pasipo kuacha mikunjo. Kwa sufu inawezekana, kwa sababu nyuzi zake hulegea na kujikusanya zikipata mvuke wa pasi. Kitenge cha pamba kilichofumwa kwa kubana hakina tabia hiyo: unavuta, unapanga pini karibu karibu, unashona polepole, na ukigeuza nguo unakuta vijikunjo vidogo vimejipanga begani, ukifumua na kurudia vinahamia upande wa mgongoni. Fundi mwenye uzoefu huliteremsha tao kidogo, akapima tena kwa futi iliyosimamishwa ubavu kufuata mchoro, hadi ziada ibaki ndogo inayobebeka. Mwanafunzi wa cherehani hana namna ya kulijua hilo, naye hujilaumu kwa kosa lililokuwamo kwenye karatasi tangu mwanzo. Hili linanisikitisha kuliko mengine yote, kwani nimewaona wasichana wenye mikono mizuri wakiacha kushona nguo za mikono kabisa.

Halafu kuna upana. Kitenge kina takriban inchi 45, ilhali michoro ya kupanga vipande mara nyingi hupendelea kitambaa cha inchi 60, na haisemi lolote kuhusu maua makubwa ambayo hayapaswi kukatwa yakaangalia chini.

Kwa muuzaji, kuandika urefu wa tao, urefu wa tundu na aina ya kitambaa kilichojaribiwa ni mistari mitatu tu. Kabla hayajaandikwa, mimi hushona kwanza nguo ya majaribio kwa marikani, nikamvisha mteja, nikamwomba ainue mikono kama anayefikia kabati la juu, na gharama ya marikani hiyo naitaja siku ile ile anapoleta kitambaa chake.