Nimeacha kuanza na wazee

Nahubiri kuhifadhi mwili kwa baridi kali baada ya kifo (cryonics), na nilidhani wazee ndio wangenielewa kwanza. Hapa Arizona wamejaa, na mji wa Scottsdale ndiko wanakohifadhiwa marehemu ndani ya nitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, wakisubiri tiba ya kesho. Basi kila Jumamosi nilibeba vipeperushi hadi ukumbi wa wastaafu. Walinipa kahawa, wakanisikiliza kwa adabu, kisha bibi mmoja akaniuliza, "Wenzangu wote wametangulia. Niamke nimkute nani?" Sikuwa na jibu. Swali lile naliheshimu mpaka leo.

Aliyeniamsha ni jirani yangu, Mkenya mwenzangu. Binti yake alikaa miaka mitatu kwenye tangi akiwa kiinitete, yaani mimba changa kabisa iliyotungwa maabara, kabla ya kupandikizwa tumboni. Nilipotaja nyuzi 196 aliacha kukata sukuma, kisu mkononi, akamtazama mtoto akichezea unga sakafuni. "Hiyo baridi naijua," akasema.

Nilimwambia wazi: kiinitete ni chembe chache tu, ubongo wa mtu mzima ni habari nyingine kabisa. Hakuna aliyewahi kurudishwa, hata James Bedford, mtu wa kwanza kuhifadhiwa hivi, aliyegandishwa Januari 1967. Hilo silifichi, maana ukilificha unamwibia mtu. Akauliza gharama. Nikamweleza kwamba wengi hulipia kwa bima ya maisha.

Sasa nawatafuta wazazi kama yeye, na wauguzi wa ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, watu walioona moyo ukisimama na kuanza tena. Jumanne nakutana na wawili wakitoka zamu ya usiku. Vipeperushi nitaviacha nyumbani.