Siku moja na ndoo za makombo ya udongo

Saa 12 na nusu asubuhi, Pemba. Chai na muhogo vimeshateremka, nafungua kibanda. Kabla ya kufinyanga chochote naangalia ndoo za makombo: vipande nilivyokata kwenye midomo ya vetezo vya kufukizia ubani na chungu kilichopasuka kabla hakijaingia motoni. Sitaki kuona vikitupwa. Kila bonge limechimbwa bondeni na kubebwa kichwani.

Saa 2. Binti wa jirani anayejifunza kwangu anataka kuloweka vipande vyenye unyevu kwanza. "Mama mkubwa, hivi si laini? Vitalainika upesi." Namwambia, "Hivyo vimeshashiba maji, mwanangu. Lete vilivyokauka kau." Tunavitumbukiza. Povu jembamba linapanda, kisha kipande kinamomonyoka chenyewe kama biskuti ndani ya chai. Hakuna kukoroga hadi kesho. Ukikoroga mapema unapata madonge yenye kiini kigumu.

Saa 4 tunachekecha ndoo ya jana. Hapa sina haraka. Mwaka jana nilianika udongo uani, juu ya mchanga wa pwani. Vetezo vilitoka motoni vizima, lakini baada ya siku chache vikaanza kubanduka vidoa vyeupe. Chembe ya tumbawe ikichomwa hugeuka chokaa, chokaa ikivuta unyevu hututumka, na chombo kinapasuka. Nililia. Sasa naanika juu ya gunia safi, tena juu ya ubao.

Adhuhuri jua ni kali. Karafuu za jirani ziko mkekani pembeni yetu. Wingu likipita, sote tunakimbia. Udongo ukiacha kung'ang'ania vidoleni, uko tayari.

Saa 10 alasiri ni kukanda. Nakata bonge kwa mshipi wa kuvulia, naangalia tumbo lake: tundu dogo la hewa, narudia. Udongo uliorudiwa huwa mfupi kidogo, hukatika ukiupinda, kwa hiyo nauchanganya nusu kwa nusu na mpya. Vigae vya vyombo vilivyokwisha chomwa havilainiki tena hata uviloweke mwaka. Hivyo tunavitwanga, unga wake ukichanganywa na udongo unasaidia chungu kisipasuke kikikauka.

Magharibi inanikuta nafunga mabonge kwa gunia bichi, nailoni juu. Yatalala wiki mbili. Bi harusi wa mtaa wa pili anataka vetezo vinne mwezi ukiandama.