Ukungu wa Ars

Treni ya kutoka Lyon ilinishusha Villefranche-sur-Saône asubuhi ya Jumamosi moja ya mwezi wa pili. Nilipouliza basi la kwenda Ars nikaambiwa limeshaondoka, na lijalo ni mpaka baadaye sana. Baridi ilikuwa ya kuuma masikio. Nikasimama nje ya stesheni, mkoba begani, nikipiga hesabu kama pesa niliyobaki nayo ingetosha teksi. Ilitosha kwa kubana.

Dereva alikuwa mtu mzima, mwenye mvi. Kifaransa changu ni cha kuokoteza, kwa hiyo nilitaja jina la kijiji tu. Akanitazama kwenye kioo, akauliza: "Kwa Paroko?" Hakusema kanisani wala basilika. Alisema kwa Paroko, kama vile mwenyewe yuko nyumbani na amesikia kuna mgeni. Mtakatifu Yohane Maria Vianney alifariki mwaka 1859, lakini huko mpaka leo ukisema Paroko, hakuna anayeuliza ni yupi.

Tukavuka mto Saône, na tulipoanza kupanda upande wa pili ukungu ukatumeza. Nchi hiyo inaitwa Dombes, nchi ya mabwawa mengi, na wakati wa baridi ukungu hulala juu yake asubuhi nzima. Sikuona shamba wala nyumba. Nikafurahi, maana hata Vianney alifika hivyohivyo. Ilikuwa Februari 1818, padre wa miaka 31, anakuja kwa miguu kutoka Écully karibu na Lyon, kwenda kijiji cha watu kama 230 ambacho wakati huo hata parokia kamili hakikuwa. Akapotea njia kwenye ukungu. Akawakuta watoto wanachunga kondoo, akamwuliza mmoja wao, Antoine Givre, njia iko wapi. Alipoonyeshwa, akamjibu: "Umenionyesha njia ya Ars, nami nitakuonyesha njia ya mbinguni."

Mahali hapo pana mnara wa ukumbusho, nje kidogo ya kijiji. Nikamwomba dereva asimame. Padre na mtoto wamesimama wanatazamana, na mkono wa padre umeelekezwa juu. Matone ya maji yalikuwa yananing'inia kwenye kidole chake, yakidondoka moja moja.

Niseme sasa nilichokifuata. Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, ni padre. Miaka miwili kabla ya safari hii alibisha hodi kwangu usiku, na mkoba mdogo mkononi. Parokia yake ina vigango 14, yaani makanisa madogo ya vijijini, yeye na pikipiki yake, na kila wiki kuna mazishi, kuna kesi za ndoa, kuna paa la kanisa linalovuja na michango isiyotimia. Alikaa kwenye kochi akasema, "Dada, nimechoka." Nikampikia chai. Halafu, badala ya kumsikiliza, nikamwuliza waumini watamwonaje, na mama ataiweka wapi sura yake. Alfajiri nikamsindikiza kupanda basi la kwanza. Alirudi, na anafanya kazi mpaka leo, lakini toka siku ile tulikuwa tunaongea habari za harusi na misiba tu. Nilipopata nafasi ya kozi ya wiki tatu Lyon, na kuona kwenye ramani kwamba kaburi la msimamizi wa maparoko wote liko mwendo wa chini ya saa moja, nikajua Jumamosi yangu ya mwisho nitaipeleka wapi.

Kanisa la Ars ni makanisa mawili yaliyoungana. Mbele kuna kanisa dogo la zamani la kijiji na mnara wake wa matofali, aliouinua Vianney mwenyewe mara baada ya kufika. Nyuma yake, mahali pa altare ya zamani, wakaunganisha basilika iliyochorwa na Pierre Bossan, yule yule aliyechora basilika ya Fourvière inayoonekana juu ya mji wa Lyon. Unaingia kupitia kanisa dogo: dari ya chini, mwanga hafifu, vikanisa vidogo pembeni alivyoviongeza mmoja mmoja, mimbari ya mbao. Unapiga hatua chache, na ghafla juu yako panafunguka kuba, nguzo za mawe zimepanda, rangi na dhahabu kila upande. Nimeona makanisa makubwa zaidi ya hilo. Sijaona jingine ambalo uzuri wake umesimama nyuma ya umaskini namna hiyo, kama mtoto aliyefanikiwa anavyosimama nyuma ya kiti cha mama yake mzee.

Mwili uko upande wa basilika, juu ya altare, ndani ya sanduku la dhahabu lenye kioo. Mwanzoni alizikwa chini ya sakafu ya kanisa lake. Mwaka 1904, wakijiandaa kumtangaza Mwenye Heri, hatua ya kabla ya utakatifu, walifungua kaburi wakaukuta mwili haujaoza, umekauka tu. Uso wameufunika kwa kinyago cha nta. Moyo wake ulitolewa, umetunzwa peke yake kwenye kikanisa kingine hatua chache kutoka hapo. Najua wapo wanaoshtushwa na mambo haya, na sitawalaumu. Mimi nilipopiga magoti sikushtuka. Nilichokiona ni udogo wake. Alikuwa mtu mfupi, mwembamba, mashavu yameingia ndani, na amelala na rozari mikononi kama mzee yeyote wa kwetu aliyesinzia katikati ya sala. Huyu ndiye aliyekuwa anaketi kuungamisha saa 16 kwa siku, wakati mwingine zaidi. Alikuwa anafungua kanisa usiku wa manane, watu wakiwa tayari nje na taa zao. Mwaka wake wa mwisho wanakadiria mahujaji walifika 80,000.

Siku hiyo tulikuwa wachache. Mama mmoja wa makamo alikuwa akigusisha rozari kwenye kioo, moja baada ya nyingine, akizitoa kwenye mfuko wa karatasi. Nilihesabu kumi na moja kabla sijaacha. Kila moja aliishika kidogo na midomo ikacheza, nadhani akitaja jina la atakayepelekewa. Nyuma yangu waseminari watatu walikuwa kimya kabisa, mmoja amelaza paji la uso kwenye benchi. Nikasali sala niliyokuja nayo, ya kumwombea mdogo wangu nguvu. Nguvu! Ndilo neno nililolitumia. Abaki, avumilie.

Nikatoka kwenda kwenye nyumba ya paroko, pembeni tu ya kanisa. Wameitunza kama ilivyokuwa. Chini kuna jiko lenye meko ambayo haikuwa na kazi kubwa, maana alikuwa anachemsha viazi vya juma zima kwa mpigo mmoja, akavila baridi siku baada ya siku hata vikiota ukungu. Juu kuna chumba chake: kitanda, meza, vitabu. Mtu aliyeteswa na Kilatini seminarini mpaka akakaribia kukataliwa upadre aliacha vitabu vingi kuliko nilivyotazamia. Kwenye chumba hicho shetani alikuwa akimsumbua usiku, na mwaka 1857 kitanda chake kiliungua. Na ndipo alipofia, saa nane usiku, tarehe 4 Agosti 1859.

Nilisimama pale muda mrefu, kwa sababu nilikumbuka jambo nililowahi kusoma na kulipita haraka. Paroko wa Ars alitoroka, tena zaidi ya mara moja. Alijiona hafai, alitaka mahali pa upweke pa kulilia dhambi zake kabla hajafa, na zaidi ya yote alikuwa amechoka. Mwaka 1843, baada ya ugonjwa uliokaribia kumwua, aliondoka usiku akatembea mpaka Dardilly, kijiji alichozaliwa. Akaenda kubisha hodi kwa kaka yake, François.

François alimpokea. Akakaa naye siku kadhaa, mpaka mahujaji walipogundua alipo wakaanza kumfuata huko huko, na hatimaye akarudi mwenyewe Ars. Mara ya mwisho, Septemba 1853, watu wa kijiji walimwahi njiani usiku, wakapiga kengele, wakamzunguka wakimsihi. Akageuka, akaingia kanisani, akaketi kuungamisha.

Huko nyuma, kila niliposikia kisa hiki kikihubiriwa, kilikuwa kisa cha utii: angalieni, alirudi. Ni kweli alirudi. Lakini mbele ya kile kitanda nilikuwa nawaza tu usiku ule wa Dardilly, mlango ukifunguliwa, na padre mchovu akipewa mahali pa kulala bila kuulizwa waumini watamwonaje.

Nilirudi kanisani, safari hii sikwenda kwenye sanduku la dhahabu. Nilikwenda kwenye kikanisa cha Mtakatifu Yohane Mbatizaji, katika kanisa la zamani, ambako kipo kiungamio alichokuwa akiungamishia wanawake. Ni kitu cha mbao, chembamba, hakina nakshi. Wanaume aliwasikilizia sakristia, chumba cha padre cha kuvalia. Mbao ya kiungamio imekolea rangi nyeusi, na pale pa kushika imelainika kama mpini wa jembe la zamani. Nikafikiria mikono iliyoilainisha, wanawake waliosubiri siku kadhaa zamu yao, wengine wametoka mbali, na upande wa pili mtu mmoja tu, kiangazi akitota jasho, na wakati wa baridi kama huu vidole vikifa ganzi. Nikaanza Salamu Maria kwa sauti ndogo. Nilipofika "Maria Mtakatifu", sauti ya mwanamume nyuma yangu ikaendelea: "Mama wa Mungu, utuombee sisi wakosefu."

Nikageuka. Padre Mwafrika, koti zito juu ya kanzu, anatabasamu. "Mama, wewe ni wa wapi?" Yeye alikuwa Mkongomani wa Kivu, amekuja kwa mafungo. Kusikia Kiswahili mahali pale, baada ya wiki tatu za kuokoteza Kifaransa, kulinifungua koo. Nikamwuliza kama anaweza kuniungamisha. Akasema, "Twende, mama."

Hatukutumia kiungamio cha Paroko, kile kimebaki cha kumbukumbu. Tuliketi mahali pa maungamo, nikaanza na dhambi ndogondogo kama kawaida ya watu, nikizungukazunguka mbuyu. Yeye hakuniharakisha. Ndipo nikamwambia habari ya usiku ule, mkoba mdogo, chai, na basi la alfajiri. Nikamwambia nimekuja kumwombea nguvu. Alikaa kimya, nikadhani hajanielewa. Kisha akaniuliza: "Na pale nyumbani, mnamwitaje?"

Nikamwambia tunamwita Padre. Hata mama anamwita Padre.

"Wote?"

Wote. Toka siku alipopewa daraja. Tulidhani ndiyo heshima.

Malipizi aliyonipa yalikuwa sala fupi mbele ya Ekaristi, na jambo jingine moja. Aliponiondolea dhambi, mkono wake ulikuwa unatetemeka kidogo, sijui kwa baridi au kwa uchovu. Nilitamani kumwuliza yeye je, nani anamsikiliza, lakini nikaona haya. Alipokwisha akasema "aksanti, mama," kama vile mimi ndiye niliyempa kitu.

Mbele ya Ekaristi nilikaa bila maneno. Katika kanisa hili hili mkulima mmoja wa Ars alikuwa akikaa hivyo kwa muda mrefu, na Paroko alipomwuliza anamwambia nini Bwana, akajibu kwamba hasemi kitu: "Mimi namtazama, na Yeye ananitazama." Nami nikajaribu. Sanduku la dhahabu lilikuwa kushoto kwa mbali, taa zinamulika kioo, na mama wa rozari alikuwa bado yupo, sasa ameketi, mfuko wake umekunjwa vizuri mapajani.

Nilipotoka ilikuwa yapata saa nane mchana, nyumbani saa kumi. Ukungu ulikuwa umeanza kukatika, na kwa mara ya kwanza nikauona mnara wa matofali mpaka juu. Nikaketi kwenye benchi la mawe nje ya kanisa, baridi ikipenya koti, nikampigia.

"Shikamoo dada. Kuna tatizo?"

Nikamwita jina lake, lile la utotoni, alilopewa na bibi. Upande wa pili kukawa kimya. Nikasikia jogoo, nikasikia mtu anafagia uwanja.

"Umekula?" nikamwuliza.

"Bado."

"Basi chukua kiti ukae. Mimi nina muda."

Akakohoa kidogo, nikasikia kiti kinavutwa kwenye sakafu ya saruji. Kisha akaanza kusimulia, polepole, kuanzia kwenye paa.