Kutoka jiwe la siki hadi kivuli cha mwarobaini

Jiwe lenyewe si kubwa. Limelala malishoni kati ya kijiji cha Eyam, Derbyshire, Uingereza, na kijiji jirani cha Stoney Middleton, na juu yake lina matundu sita. Nilichutama nikaingiza kidole katika tundu moja, kikagusa maji baridi ya mvua. Mwaka 1666, wakati wa tauni, matundu haya yalijazwa siki. Wanakijiji walitumbukiza sarafu humo, wakarudi nyuma, ndipo watu wa nje wakaja kuzichukua na kuwaachia chakula. Hawakujua habari za bakteria wala za viroboto, lakini walijua kwamba fedha hupita mikononi mwa watu, na mikono waliiogopa.

Tauni iliingia Eyam mwaka 1665 pamoja na furushi la vitambaa kutoka London, lililofika kwa mshonaji. Wa kwanza kufa alikuwa msaidizi wake, George Viccars. Mwaka uliofuata kasisi William Mompesson, akisaidiana na mtangulizi wake Thomas Stanley, aliwasihi watu wasikimbie, wasije wakaupeleka ugonjwa kwa majirani. Wakabaki. Inasemekana waliokufa walifika 260.

Nilipanda mlima hadi makaburi ya Riley. Hapa Elizabeth Hancock aliwazika mumewe na watoto wake sita ndani ya siku nane, peke yake, maana hakuna aliyethubutu kumkaribia. Makaburi yamezungukwa na ukuta mfupi wa mawe, na nje yake kondoo walikuwa wakila majani. Nilikaa pale zaidi ya saa nzima. Nilijaribu kumlaumu jirani aliyeona yote hayo kwa mbali asije, nikashindwa.

Kutoka huko nilikwenda Venice, Italia, mji ulioiwekea hofu utaratibu na tarehe. Dubrovnik, mji wa bandari ulioko Kroatia ya leo, iliutangulia mwaka 1377 kwa kuwazuia siku 30 watu waliotoka penye tauni. Venice ikatenga kisiwa cha wagonjwa mwaka 1423, kisha mwaka 1468 ikatenga kingine, Lazzaretto Nuovo, kwa watu na shehena zilizoshukiwa. Muda wa kuzuiwa ukawa siku arobaini. Arobaini kwa Kiitaliano ni quaranta, na ndiko lilikotoka neno letu karantini. Katika ghala kuu la kisiwa hicho kuta bado zina maandishi mekundu ya watu waliopitia humo. Nilisogeza uso karibu na herufi hizo nikajikuta nawaza tu jinsi siku zilivyokuwa ndefu. Watu wa Eyam waliogopa kuwaua wengine. Venice iliogopa kuuawa na wanaokuja.

Safari yangu iliishia Gurugram, karibu na Delhi, kwenye hekalu la Sheetla Mata, na huko ndiko nilikojifunza zaidi. Kwa waumini wengi wa kaskazini mwa India ndui ilikuwa mungu wa kike, Sheetla, aliyeingia mwilini. Jina lake lina maana ya mwenye ubaridi, kwa kuwa yeye ndiye huleta homa na ndiye huipoza. Huchorwa akiwa amepanda punda, ameshika ufagio na chungu. Hata leo mtoto akipata tetekuwanga, wapo wanaosema mata, yaani mama, amekuja. Mgonjwa hulazwa mahali tulivu, majani ya mwarobaini huwekwa karibu naye, na watu hawaingii ovyo. Karantini hiyo! Ila mgonjwa haitwi najisi, na kwangu hilo ni jambo kubwa sana. Heshima hiyo ilikuwa na gharama yake, maana wapo waliokataa chanjo wakihofia kumkasirisha mungu huyo.

Ndui ilikomeshwa India mwaka 1975, na mwaka 1980 ikatangazwa kuwa imetoweka duniani. Foleni ya hekaluni haijakwisha. Mbele yangu alisimama mama mmoja na mwanawe mdogo, shavuni mwa mtoto kuna vikovu viwili vipya vya tetekuwanga. Binti yake mkubwa alitutafsiria.

“Alikuja mwezi uliopita,” mama alisema. “Amekwisha kuondoka.”

“Uliogopa, mama?”

Akamvuta mtoto karibu, akamfunika kichwa kwa ncha ya mtandio wake.

“Niliogopa sana. Ndiyo maana tulimpokea vizuri.”