Nilivyomtafuta wakili wa kunisaidia kuomba uraia wa Kenya

Kabla ya kumtafuta wakili, keti na pasipoti zako zote, ya sasa na za zamani, uchore jedwali kwenye daftari. Mimi niliandika tarehe ya kuingia, mpaka nilioingilia, aina ya pasi au kibali, siku kilipoanza, siku kilipokwisha, na tarehe ya kutoka. Kazi hii usimwachie wakili. Utamlipa aifanye, na bado atakupigia simu kukuuliza kama ule mhuri uliofifia wa mpaka wa Namanga ni wa Machi au wa Mei. Jedwali likikamilika, mapengo yanajitokeza yenyewe: pasi ya mtegemezi, yaani ya kukaa nchini kwa kumtegemea mwenzi, ilikwisha tarehe 3 Juni, mpya ikaanza tarehe 19 Julai. Siku 45 hizo ndizo za kumpelekea wakili. Kujaza fomu mtandaoni, kuskani vyeti na kulipa ada, aliyezoea kutumia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, anaweza kufanya mwenyewe.

Jambo la pili ni kujua unaomba kwa njia ipi, ya ndoa au ya ukaazi, kwa sababu wakili wa kweli atakuuliza hilo kabla ya kutaja pesa. Kifungu cha 15 cha Katiba ya 2010 kinatenganisha watu wawili ambao wengi wetu tunawachanganya. Aliyeishi katika ndoa na raia kwa miaka isiyopungua saba ana haki ya kusajiliwa akiomba. Aliyekaa nchini kihalali miaka saba mfululizo, na akatimiza masharti ya sheria, anaweza kuomba. Maneno "ana haki" na "anaweza kuomba" yana uzito tofauti kabisa, na ukiwa na sifa za pande zote mbili, hapo ndipo ushauri wa wakili unapolipa.

Masharti ya wanaoomba kwa ukaazi yamo katika kifungu cha 13 cha Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya Kenya ya 2011. Uwe umekaa nchini miezi 12 yote iliyotangulia ombi, uijue Kenya na haki na wajibu wa raia kiasi cha kutosha, uelewe na kuzungumza Kiswahili au lugha mojawapo ya wenyeji, usiwe umefilisika kisheria, wala kuhukumiwa kifungo cha miaka mitatu au zaidi. Kwa sisi tunaoomba kwa ndoa, kinachochunguzwa sana ni kama ndoa ni ya kweli na kama mnaishi pamoja. Mkataba wa nyumba wenye majina yote mawili, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na karatasi za benki vina nguvu kuliko picha za harusi. Kama mlioana kimila, mpe wakili tarehe mbili, ya ndoa yenyewe na ya kusajiliwa kwake chini ya Sheria ya Ndoa ya 2014. Zikipishana miaka kadhaa, lazima mjue mapema mtahesabu kuanzia ipi na kwa ushahidi gani.

Kumhakiki wakili ni kazi ya dakika tano. Ingia kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili Kenya, LSK, andika jina lake, uone kama leseni yake iko hai katika orodha ya mwaka huu. Leseni ya uwakili ni ya mwaka mmoja na hukoma tarehe 31 Desemba, kwa hiyo cheti cha mwaka jana kilichotundikwa ukutani si uthibitisho. Watu wanaosimama nje ya majengo ya serikali na kukuita, "Mkubwa, hiyo tunaimaliza wiki hii," si mawakili, hata kama wamebeba faili na kuvaa tai.

Kisha mpe swali moja la kumpima. Mimi niliwaonyesha mawakili watatu mstari uleule wa jedwali na kuwauliza, "Pengo hili utalieleza vipi?" Wa kwanza alisema ni dogo, litapita. Wa pili alisema ana mtu ndani. Wa tatu alivuta jedwali karibu, akaniuliza, "Mama, uliomba kuongezewa muda lini? Risiti ya siku hiyo iko wapi?" Huyo ndiye niliyemchukua. Risiti ikionyesha uliomba kabla pasi haijaisha, maelezo yako yana mguu wa kusimamia. Ikiwa uliomba baadaye, unalisema hivyo hivyo, na wakili anatafuta namna ya kulieleza kwa ukweli.

Nasisitiza ukweli kwa sababu ya Kifungu cha 17 cha Katiba. Uraia wa kusajiliwa unaweza kufutwa ikigundulika ulipatikana kwa ulaghai, kwa maelezo ya uongo au kwa kuficha jambo muhimu. Mhuri wa kununua hautatui pengo la siku 45. Unaweza kukupokonya uraia baada ya wewe kuuza nyumba ya kwenu na kuhamisha maisha yote huku.

Pengo huelezwa kwa hati ya kiapo, inayoapwa mbele ya kamishna wa viapo, na viambatisho vyake vipewe alama na mhuri kimoja kimoja. Majina yanayotofautiana nayo hutengenezwa hapo. Pasipoti ikisema Mwanahawa na cheti cha ndoa Mwana Hawa, unachohitaji ni kiapo kwamba ni mtu mmoja. Hati ya kubadili jina ni kitu kingine, na wapo wanaotozwa kwa ajili yake bila sababu.

Kuhusu pesa, dai barua ya makubaliano kabla ya kutoa chochote. Ada ya wakili iandikwe peke yake, VAT ya asilimia 16 peke yake, na malipo ya serikali peke yake. Ada za serikali hubadilika, basi zisome kwenye mtandao siku unayoomba, na ulipe mwenyewe kupitia akaunti yako ya eCitizen ili risiti itoke kwa jina lako. Gawanya ada kwa hatua: kusoma faili, kuandaa viapo, kuwasilisha ombi, kujibu maswali ya maafisa. Sikukubali kulipa kwa sharti la "ukipata", maana hilo humsukuma mtu kutafuta njia za pembeni. Asiye na uwezo aende Kituo Cha Sheria hapa Nairobi, wanasaidia wasiojiweza.

Cheti cha mwenendo mwema, kile cha polisi, usikichukue mapema mno kikazeeka ndani ya faili. Unaomba kwenye eCitizen, unalipa ada, unachapisha fomu na kupeleka alama za vidole Huduma Centre au makao makuu ya idara ya upelelezi wa jinai, DCI, Kiambu Road.

Sasa lile lililonikosesha usingizi. Kenya haina tatizo na uraia pacha, lakini Tanzania inalo. Mtu mzima Mtanzania akichukua uraia wa nchi nyingine anapoteza ule wa Tanzania, na asiye raia huwekewa masharti ya kupata ardhi kule. Uganda inaruhusu uraia pacha kwa masharti yake. Wakili wa Nairobi hawajibiki kwa sheria ya nchi yako, kwa hiyo ulizia nyumbani kabla ya kutia saini. Wapo ambao ukaazi wa kudumu ungewatosha: mke au mume wa raia anaweza kuuomba baada ya miaka mitatu ya ndoa, na hupotezi pasipoti yako. Wakili asiyekutajia njia hiyo hajakushauri.

Siku ya mahojiano na maafisa wa uhamiaji, wakili hakujibii. Utaulizwa wewe, na mwenzako anaweza kuulizwa mbali nawe. Ombi likikataliwa, dai sababu kwa maandishi. Kifungu cha 47 cha Katiba kinakupa haki hiyo, na barua ile utaihitaji ukienda Mahakama Kuu. Ndiyo maana, siku ombi langu lilipowasilishwa, nilirudi ofisini kwa wakili nikachukua vyeti vyote halisi na nakala ya kila ukurasa uliotumwa, pamoja na viapo na namba ya ombi.