Minyororo ya misheni na binti anayesimamishwa kanisani

Biblia ninayofundishia watoto wa shule ya Jumapili hapa Bagamoyo inasema, Waefeso 6:5, watumwa wawatii mabwana zao. Sijamsikia mchungaji yeyote akiuhubiri mstari huo kuhalalisha utumwa. Angeanzia wapi, katika mji huu? Pale misheni, mapadre Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868 wakawa wanawakomboa watumwa kwa fedha, na makumbusho yao yana minyororo hadi leo. Niliwapeleka watoto kuiona. Mmoja akaniuliza, "Mwalimu, waliofungwa hii nao walitakiwa watii?"

Nikamjibu hapana, bila kusita. Mstari upo, haujafutwa. Ila Wakristo walipomtazama usoni aliyefungwa, wakausoma upya.

Huko Marekani wapo Wakristo wanaojiita wa kimaendeleo. Wanaamini kwamba Biblia iliandikwa na watu wa zama zao waliokuwa wakimtafuta Mungu, kwamba kuuliza si dhambi, na kwamba kumfuata Yesu kunaonekana katika tunavyowatendea waliosukumwa pembeni. Sikubaliani nao kwa yote. Wengine wao hawaamini kwamba kaburi lilikuwa tupu kweli, na mimi naliamini hilo kwa moyo wangu wote. Lakini kwa habari ya waliosukumwa pembeni, nasimama nao.

Maana karipio, yaani adhabu ya kanisa, linaniumiza. Binti akipata mimba kabla ya ndoa anazuiwa Meza ya Bwana, na siku ya kurudi kundini anasimamishwa mbele ya usharika mzima, mtoto mgongoni. Nimeliona hilo katika usharika niliowahi kusali, na mwanamume mwenye mimba ile alikuwa kwenye kwaya, anaimba besi. Ukiuliza, unafunguliwa mistari. Basi na tusome Yohana 8 pia. Mwanamke aliyefumaniwa akizini aliletwa kwa Yesu peke yake, mwanamume hakuletwa, na waliomweka katikati ni waandishi na Mafarisayo.

Tunajua kusoma upya. KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, ilipokubali mwaka 1990 wanawake wabarikiwe kuwa wachungaji, 1 Timotheo 2:12, inayomkataza mwanamke kufundisha, ilibaki palepale ilipo. Leo mama mchungaji anatubatizia watoto na hakuna anayeshangaa.



Wazee wa kanisa wanakutana Jumamosi, nami nimeomba nafasi ya kuzungumza. Nitaomba mambo mawili: toba ya binti ibaki kati yake na mchungaji, na baba wa mtoto aitwe ofisini siku ileile anayoitwa yeye. Mabinti waliokwisha kuacha kuja, nitaomba tuwafuate majumbani kwao, tukawaombe radhi.