Meza ya Bwana Mwezini

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno letu wiki hii ni Yohana 15:5.

Julai 20, 1969 Neil Armstrong na Buzz Aldrin walitua mwezini, wa kwanza katika wanadamu wote. Hilo tunalijua. Lakini hawakushuka mara moja. Walikaa saa kadhaa ndani ya chombo chao, Eagle, wakijiandaa, na habari ya saa hizo husimuliwa mara chache.

Aldrin alikuwa mzee wa kanisa la Presbyterian huko Webster, jirani na Houston. Alibeba mkate, divai kidogo na kikombe alichopewa na kanisa lake. Kwa redio aliwaomba wote waliokuwa wakisikiliza watulie kidogo, wayatafakari yaliyotokea, kila mmoja ashukuru kwa namna yake. Akanyamaza. Ndipo akasoma kutoka kwenye kikaratasi: “Mimi ni mzabibu, ninyi ni matawi.” Mvutano wa mwezi ni kama sehemu moja ya sita ya huu wa duniani, hivyo divai ilijikunja polepole ukutani mwa kikombe. Armstrong alimtazama tu, hakusema kitu. Aldrin akala, akanywa.

Alitaka dunia isikie. NASA, shirika la anga la Marekani, ikamwambia afanye, ila asitangaze. Mkesha wa Krismasi wa 1968, wanaanga wa Apollo 8, watu wa kwanza kuuzunguka mwezi, walisoma hewani mistari kumi ya mwanzo wa kitabu cha Mwanzo, na mwanaharakati mmoja asiyeamini Mungu akaishtaki NASA.

Hapa ndipo mimi ninapokwama. Dunia nzima imemtegea sikio, Neno analo mkononi, anaambiwa anyamaze, naye anatii. Sisi tukifunga siku tatu, mtaa mzima una habari! Tena tazama mstari aliouchagua. Haukuwa wa ushindi wala wa kutawala, unaishia na “pasipo mimi ninyi hamwezi kufanya neno lo lote.”

Wala hakuogopa. Julai 23, wakiwa njiani kurudi, alisoma hewani Zaburi ya 8: “Mtu ni kitu gani hata umkumbuke?”

Miaka mingi baadaye aliandika kwamba kama angerudia, huenda asingechagua Meza ya Bwana, kwa kuwa walikwenda kwa niaba ya wanadamu wote: Wakristo, Wayahudi, Waislamu, hata wasioamini. Wako ndugu wanaoudhika na maneno hayo. Mimi siudhiki. Aliongeza kwamba wakati ule hakuona njia bora zaidi ya kumshukuru Mungu, na kanisa lake huikumbuka meza ile kila Julai.

Katikati ya juma tusome Yohana 15:1–8 na Zaburi ya 8 yote. Neema ya Bwana iwe nanyi.